Usaili wa programu na algoriti kwenye kampuni kubwa za teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na Kanda ya Kati

Haya ni maswali yanayorudiwa na wanafunzi wa CIVE (ndaki ya TEHAMA) pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wa St. John's na wa Chuo cha Mipango, pamoja na wahitimu ambao tayari wana ajira mjini lakini wanataka kujaribu kampuni kubwa za nje. Yameanza na ya msingi, yanamalizia na yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha elezwa, kuna namba ya swali la kurejea.

## Mambo ya msingi

1. Usaili huu ni wa namna gani hasa?

Unakaa na mhandisi wa kampuni, mara nyingi kwa video, kwa dakika 45 hadi 60. Anakupa tatizo moja au mawili, nawe unaandika programu ya kulitatua huku ukieleza unachofikiri. Huulizwi maana ya TEHAMA wala historia ya kompyuta. Utapewa, tuseme, orodha ya miamala ya wakala wa pesa na kuambiwa utafute miamala miwili ambayo jumla yake ni kiasi fulani. Kisha utatakiwa kuonyesha kwamba njia yako itafanya kazi hata kama miamala ni laki moja.

Karibu kila kampuni inapima mambo manne: ulivyolichambua tatizo, usahihi na kasi ya suluhisho, usafi wa msimbo wako (maandishi ya programu), na mawasiliano. Hilo la nne ndilo vijana wetu wengi wanalipuuza. Mtu anakaa kimya dakika 20, anaandika jibu sahihi, halafu anashangaa kukataliwa. Msaili anatakiwa kuandika ripoti ya namna ulivyofikiri. Ukinyamaza, hana cha kuandika.

2. Una tofauti gani na usaili wa Sekretarieti ya Ajira?

Wengi hapa Dodoma wanaujua ule: mchujo wa kuandika, vitendo kwa baadhi ya kada, halafu mahojiano mbele ya jopo. Kwenye jopo unajibu ukishakuwa na jibu, na ni busara kunyamaza mpaka ulipate. Huku unatakiwa kuanza kuongea kabla hujawa na jibu. Msaili pia anaruhusiwa kukupa dokezo, na kulipokea dokezo vizuri hakukupunguzii heshima. Ukienda na tabia ya kwenye jopo utaonekana mkavu, hata kama kichwani uko vizuri.

3. Lazima niwe na digrii ya kompyuta?

Si lazima. Matangazo mengi huandika digrii ya kompyuta au uzoefu unaolingana nayo. Mtu aliyesoma ualimu wa hisabati anaweza kabisa, mradi azibe pengo la miundo ya data, yaani njia za kupanga data ndani ya programu (swali la 7). Kinachokuwa kigumu kwake ni kuitwa kwenye usaili, kwa hiyo CV yake lazima ionyeshe kitu alichokijenga na kinachotumika.

4. Kampuni hizi zinachukua watu walioko Dodoma?

Zinachukua, ila mara nyingi utahama. Karibu na sisi kuna Nairobi, ambako Microsoft ilifungua kituo chake cha uendelezaji mwaka 2019 na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Amazon ina wahandisi Cape Town tangu katikati ya miaka ya 2000, na huduma yake ya kukodisha kompyuta mtandaoni, EC2, iliyoanza kutolewa mwaka 2006, kwa sehemu kubwa ilijengwa huko. Baada ya hapo kuna London, Dublin, Zurich, Berlin na miji mingine ya Ulaya. Nafasi za kufanyia kazi nyumbani Tanzania moja kwa moja ni chache, kwa sababu kampuni hizi hupendelea kuajiri pale zilipo na ofisi. Kwa Kenya, ujue kwamba kibali cha kazi bado kinahitajika ingawa tuko wote Jumuiya ya Afrika Mashariki.

5. Hatua ni ngapi mpaka nipate ofa?

Kwa kawaida ofisa ajira anakupigia au anakuandikia kwanza. Kisha linakuja jaribio la mtandaoni lisilo na msaili, lenye maswali mawili au zaidi na saa inayohesabu. Ukilipita, unafanya usaili mmoja wa video na mhandisi. Mwisho kuna duru kuu ya vikao vinne au vitano, aghalabu siku moja au siku mbili mfululizo: vingi vya kuandika programu, kimoja cha maswali ya tabia, na kwa wenye uzoefu kimoja cha usanifu wa mifumo. Kuanzia simu ya kwanza hadi jibu ni wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi.

## Maandalizi

6. Nitumie lugha gani ya programu?

Ile unayoijua vizuri zaidi kati ya Python, Java, C++ na nyingine zinazojulikana. Kampuni nyingi hukuachia uchague. Kama huna unayoegemea, chukua Python, kwa sababu ni fupi na inakuachia muda wa kufikiri.

Ukichagua Java au C++, ikariri namba hii: 2,147,483,647. Ndiyo kubwa kuliko zote inayoingia kwenye namba kamili ya kawaida ya biti 32. Bilioni mbili na ushee kwa shilingi si nyingi; jumlisha mishahara ya halmashauri moja utaivuka, na jibu litageuka hasi bila onyo lolote. Kosa hili si la wanaoanza tu. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mhandisi wa Google, alieleza kwamba utafutaji wa kugawa nusu (unaokata orodha iliyopangwa nusu kwa nusu mpaka ukipate kitu) uliokuwa ndani ya Java yenyewe ulikuwa na kasoro hiyohiyo kwa takriban miaka tisa: ulijumlisha ncha mbili za orodha kabla ya kugawa kwa mbili, na orodha ikiwa kubwa sana jumla inafurika. Tiba ni kuchukua ncha ya chini, kisha kuiongezea nusu ya tofauti ya hizo ncha mbili. Ukiyataja haya mwenyewe wakati unaandika, msaili atajua anaongea na mtu makini.

7. Nianze na mada zipi?

Anza na orodha za kawaida na maandishi, halafu jedwali la hashi, linalokupa kitu papo hapo bila kupita orodha nzima, lile ambalo Python huliita dict. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu kitu kimoja tu, ningemfundisha hilo. Swali la miamala miwili kwenye namba 1 linaisha hapo: unapita orodha mara moja, kwa kila muamala unauliza kama kiasi kilichobaki umeshakiona, na kama bado unauhifadhi na kuendelea.

Fuata na viashiria viwili vinavyotembea kwenye orodha, dirisha linalosogea, utafutaji wa kugawa nusu, na kupanga. Kisha steki (kilichoingia mwisho hutoka kwanza) na foleni (kilichoingia kwanza hutoka kwanza). Baada ya hapo miti na grafu, yaani vitu vilivyounganishwa kwa viungo, pamoja na njia mbili za kuzipita: BFS inayokwenda ngazi kwa ngazi, na DFS inayozama mpaka mwisho wa tawi ndipo irudi. Usiondoke kwenye grafu haraka. Maswali mengi yamevaa nguo nyingine lakini ndani ni grafu: ramani ya gridi, masomo yenye masharti ya kutangulia, maneno yanayobadilika herufi moja moja.

Hipu ijue kwa matumizi: kupata kikubwa au kidogo kuliko vyote, tena na tena. Mbinu ya kuhifadhi majibu ya vipande ili usivikokotoe upya, ambayo wengi huiogopa, iache mpaka funksheni inayojiita yenyewe iwe imekukaa kabisa. Andika kwanza njia ya kujiita yenyewe, ione ikirudia kazi ileile, ndipo uongeze jedwali la kumbukumbu. Anayekariri jedwali bila kupitia hapo hukwama swali likibadilishwa kidogo tu.

8. Nijue kiasi gani kuhusu kasi ya algoriti, yaani ya hatua za kutatua tatizo?

Kiasi cha kuweza kuangalia ukubwa wa data na kusema, kabla hujaandika chochote, njia ipi itafaa. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kompyuta inafanya hatua ndogo milioni 100 kwa sekunde kwa lugha ya C++. Python gawa kwa kumi au zaidi. Orodha ya vitu 100,000 ukiilinganisha kila kimoja na kila kingine ni hatua bilioni 10, yaani zaidi ya dakika moja na nusu. Ukiipanga kwanza kwa njia ya n log n (n ni idadi ya vitu, log n ni mara unazoweza kuigawa n kwa mbili mpaka ibaki moja), ni hatua kama milioni 1.7, na zinaisha kabla hujapepesa macho.

Kutoka hapo unaweza kusoma swali kinyumenyume. Ukiambiwa n haizidi 20, kujaribu michanganyiko yote kunaruhusiwa, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 20 ni kama milioni moja tu. Ikiwa n ni 5,000, n kwa n inapita. Ikifika laki moja au milioni, tafuta njia ya kupita orodha mara moja au ya kuipanga. Utafutaji wa kugawa nusu unapata kitu ndani ya vitu milioni moja vilivyopangwa kwa hatua 20. Usisahau kutaja na kumbukumbu inayotumika, wasaili huuliza.

9. Nifanye maswali mangapi?

Wapo wanaojisifu kwa mamia. Mimi naona 120 hadi 150 yaliyochaguliwa kwa mada na kueleweka yanatosha kwa mtu anayetafuta kazi ya kwanza. Kipimo ni hiki: chukua swali ulilolifanya wiki tatu zilizopita, lifanye tena kwenye karatasi tupu, ukimweleza mtu. Ukishindwa, hukulifanya, ulilisoma.

Weka daftari. Kwa kila swali andika mistari mitatu: dalili iliyokuonyesha njia, kosa ulilofanya, na kasi ya suluhisho. Daftari hilo ndilo utakalosoma wiki ya mwisho.

10. Kompyuta yangu ni ya zamani na bando ni ghali. Nitaweza?

Utaweza. Mazoezi haya hayahitaji mashine ya nguvu. Maswali ni maandishi matupu, hayali data kama video. Pakua matatizo 20 kwa mara moja ukiwa kwenye intaneti ya chuo au kwa bando la usiku, yahifadhi, na uyafanye bila mtandao. Python inakaa hata kwenye simu. Na kuandika kwa kalamu kwenye karatasi hakukurudishi nyuma hata kidogo. Kunakuandaa kwa jambo lililoelezwa namba 19.

Kinachomaliza bando ni video za mafunzo. Punguza hizo, ongeza karatasi.

11. Nahitaji miezi mingapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepita vizuri somo la miundo ya data: miezi mitatu, saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki. Anayeanza chini kabisa: sita hadi nane. Mwenye kazi ya kutwa, kwa mfano anayepanda gari la Mtumba alfajiri na kurudi giza limeingia, asijidanganye kwamba atasoma usiku akiwa amechoka. Dakika 45 kabla ya kazi na kipande kirefu cha Jumamosi vinazaa zaidi.

Msitenganishe kusoma na kuongea. Kuanzia mwezi wa pili, kila wiki kaeni wawili: mmoja msaili, mwingine msailiwa, dakika 45 mkiangalia saa, kisha mbadilishane. Darasa tupu la CIVE na ubao vinatosha.

12. Mashindano ya programu yanasaidia?

Yanasaidia kasi na yanaondoa woga wa saa. Mashindano mengi ya tovuti ya Codeforces huanza 17:35 kwa saa za Moscow, na kwa bahati nzuri Moscow na Dodoma ni saa moja ileile, hivyo kwetu ni saa 11:35 jioni. Yale ya kila wiki ya LeetCode, tovuti ya mazoezi ya usaili, yanaangukia saa 11:30 alfajiri ya Jumapili, na kuna mengine kila baada ya wiki mbili Jumamosi saa 11:30 jioni. Kwa wanafunzi wa vyuo lipo pia ICPC, linaloshindaniwa na timu za watu watatu. Code Jam, mashindano ya Google, isikupotezee muda kuitafuta. Ilifungwa mwaka 2023.

Ila bingwa wa mashindano naye anaweza kukataliwa, kwa sababu mashindanoni hakuna anayesoma msimbo wako wala kukusikiliza.

13. Naruhusiwa kutumia akili mnemba?

Kwenye mazoezi, ndiyo, kama mwalimu wa kukuuliza na kukosoa baada ya wewe kujaribu. Usiiombe jibu kabla hujahangaika angalau dakika 30. Jibu lililokuja mapema halikai kichwani. Kwenye usaili wenyewe, hapana, isipokuwa kampuni imekwambia kwa maandishi kwamba kikao hicho kinaruhusu. Wasaili huona macho yanayosoma pembeni na jibu kamili linalotoka bila njia. Ukibainika, jina lako linabaki kwenye kumbukumbu zao.

## Siku ya usaili

14. Nionyeshe swali moja likifanywa mwanzo hadi mwisho.

Chukua stendi kuu ya mabasi pale Nanenane. Umepewa orodha ya mabasi, kila moja na muda wa kuingia na wa kutoka. Zinahitajika nafasi ngapi za kuegesha ili basi lolote lisisubiri nje?

Usianze kuandika. Uliza. Mabasi ni mangapi? Muda umepangwa au umechanganyika? Je, basi linaweza kulala mpaka kesho? Na hili ndilo la maana kuliko yote: basi likitoka saa 2:40 na jingine likaingia saa 2:40 hiyohiyo, zinaweza kutumia nafasi moja?

Andika mfano mdogo. Basi A lipo 2:00 hadi 2:40, B 2:20 hadi 3:00, C 2:30 hadi 2:50, D 2:40 hadi 3:10. Taja njia ya wazi kwanza: kwa kila basi, hesabu mangapi mengine yapo stendi linapoingia. Inafanya kazi, lakini ni n kwa n, na kwa mabasi laki moja umeshaona kwenye namba 8 itakuwaje. Sema hivyo kwa sauti, halafu boresha.

Jambo la kuona ni kwamba hatuhitaji kujua basi lipi ni lipi. Tunachohitaji ni matukio tu: kuingia ni kuongeza moja, kutoka ni kupunguza moja. Panga matukio yote kwa muda, yapite mara moja, na ukumbuke idadi kubwa uliyowahi kufikia. Kwa mfano wetu: 2:00 ni moja, 2:20 mbili, 2:30 tatu. Saa 2:40 kuna matukio mawili. Ukishughulikia kutoka kwanza, unashuka hadi mbili kisha unarudi tatu, na jibu ni tatu. Ukishughulikia kuingia kwanza, unafika nne. Swali ulilouliza mwanzoni limebadilisha jibu. Msaili akisema nafasi inaweza kutumika palepale, panga kutoka kutangulie kuingia muda ukilingana.

Kasi ni ile ya kupanga, n log n. Kumbukumbu ni n. Maliza kwa kujaribu hali za pembezoni: orodha tupu ijibu sifuri, basi moja lijibu moja, mabasi yote kwa muda uleule yajibu n. Hapo msaili anaweza kukuuliza ungefanyaje kama anataka pia kujua basi lipi liende nafasi ipi. Hilo linahitaji hipu ya muda wa kutoka, na ukiwa umefika hapo kwa utulivu, uko pazuri.

15. Nikikwama kabisa?

Sema umekwama wapi, kwa usahihi. "Najua natakiwa kuepuka kupita orodha mara ya pili, ila sijaona nihifadhi nini" ni sentensi inayomwezesha msaili kukusaidia. Rudi kwenye mfano mdogo, ufanye kwa mkono, uangalie mkono wako unafanya nini ambacho msimbo haufanyi. Ikishindikana, andika njia ya taratibu iliyo sahihi. Suluhisho la polepole linalofanya kazi lina thamani kuliko la haraka lililoishia njiani.

16. Kiingereza changu si kizuri. Nitafeli kwa sababu hiyo?

Hili ndilo linaloumiza watu wengi, na wengine hawaombi kabisa kwa ajili yake. Lafudhi haipimwi. Sarufi haipimwi. Kinachopimwa ni kama msaili anafuata mawazo yako, na sentensi fupi zinafuatika kuliko ndefu.

Fanya hivi: eleza suluhisho kwa Kiswahili kwanza, mpaka litiririke. Kama huwezi kulieleza kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza. Kisha lieleze tena kwa Kiingereza, ujirekodi kwa simu, usikilize. Andaa sentensi kumi hivi za kazi: ya kuomba ufafanuzi, ya kuomba dakika moja ya kufikiri, ya kusema unabadilisha njia, ya kutaja kasi. Zitamke mpaka zisikutoe jasho. Usipomwelewa msaili, mwambie arudie. Wao wenyewe wanatoka nchi mbalimbali na wamezoea.

17. Nimeandikiwa muda wa usaili na sielewi ni saa ngapi kwetu.

Tanzania iko saa tatu mbele ya saa za kimataifa za UTC, mwaka mzima. Wao hubadilisha. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba; Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kikao cha saa nne asubuhi California ni saa 2 usiku Dodoma kipindi cha kiangazi chao, na saa 3 usiku kipindi cha baridi. Saa nne asubuhi London ni saa 6 au saa 7 mchana kwetu.

Mwaliko ukiandikwa 14:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 8 mchana. Uweke kwenye kalenda ya simu uone inasemaje, na umwandikie ofisa ajira kuthibitisha kwa mfumo wa saa 24. Hakuna atakayekuona mshamba.

18. Umeme au intaneti ikikatika katikati?

Jiandae kabla. Kompyuta iwe imejaa chaji, simu mbili zenye laini za mitandao tofauti na bando, namba ya ofisa ajira au anwani yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Siku moja kabla, kaa palepale utakapofanyia, saa ileile, upime video. Ng'ong'ona, Nkuhungu na Ihumwa hazishiki mtandao sawa, na hata ndani ya nyumba moja chumba hadi chumba vinatofautiana. Ikikatika, rudi kwa simu, omba radhi kwa sentensi moja, endelea. Ikishindikana kabisa, andika barua pepe ndani ya dakika kumi kuomba kikao kipangwe upya. Hukubaliwa.

19. Ni kweli naandika bila kuendesha programu?

Kwenye baadhi ya kampuni, ndiyo. Unapewa ukurasa mtupu usiokurekebishia chochote, hivyo ni wewe wa kufuatilia kila mstari kwa macho, ukisema thamani za vigeu. Aliyezoea kubonyeza na kuona makosa mekundu hapa hupata tabu.

20. Maswali ya tabia ni yapi?

Utaulizwa kuhusu mgongano na mwenzako, kazi iliyoshindikana, uamuzi uliofanya bila taarifa zote. Amazon huyauliza karibu kila kikao, kwa kufuata kanuni zake 16 za uongozi ambazo zimewekwa wazi kwa yeyote kuzisoma. Andaa visa vitano au sita vya kweli, kila kimoja na hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya, na matokeo. Mradi wa mwaka wa mwisho unafaa. Mafunzo kwa vitendo kwenye taasisi ya serikali yanafaa sana, hasa kama uliacha kitu kinachotumika.

Malezi yetu yanatufundisha kusema "tulifanya". Ni adabu njema, lakini hapa msaili anataka kujua mkono wako ulikuwa wapi. Sema "mimi niliandika sehemu ya malipo, mwenzangu ripoti". Huko si kujisifu.

21. Usanifu wa mifumo unanihusu?

Kama unaomba nafasi ya kwanza, kwa kawaida haukuhusu. Wenye miaka kadhaa kazini wajiandae. Jipime kwa mfumo unaoujua: wa kutoa namba za malipo, siku ya mwisho ya usajili wa chuo, maelfu wanalipa kwa pamoja. Ombi likitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulisita, utahakikishaje mtu hakatwi mara mbili? Benki ikichelewa kujibu, mwanafunzi anaona nini? Anayeweza kuyajibu haya kwa mifano ya kazini kwake ana hazina ambayo vitabu havimpi.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nimepewa swali ambalo nimeshalifanya. Niseme?

Sema. Msaili atabadilisha au atakwambia uendelee, na vyovyote vile umejenga uaminifu.

23. Nimekataliwa. Naweza kuomba tena?

Ndiyo, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12 kutegemea kampuni; muulize ofisa ajira tarehe kamili. Siku hiyohiyo, kabla hujasahau, andika kwenye daftari maswali uliyoulizwa na mahali ulipoyumba. Usiyasambaze kwenye magrupu, kwa sababu kampuni nyingi hukutaka uyatunze kama siri. Kukataliwa ni kwa kawaida sana, na wengi walioko ndani waliingia kwa mara ya pili au ya tatu.

24. Wiki ya tatu hii na hawajanijibu.

Andika barua pepe fupi ya heshima. Kimya si lazima kiwe jibu baya. Mara nyingine kamati haijakaa.

25. Nikipata ofa ya nje, viza nitaishughulikia mwenyewe?

Kampuni kubwa hulipia na huwa na mawakili wa kazi hiyo. Wewe andaa pasipoti mapema, vyeti halisi na nakala za matokeo. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, safari ya kwenda kupeleka alama za vidole inawezekana kwa siku moja.

26. Kuna mtu ananiambia nilipe ada ili nipangiwe usaili.

Huyo ni tapeli. Hakuna kampuni kubwa ya teknolojia inayomtoza mwombaji pesa, iwe ya usaili, ya mafunzo ya lazima, ya kompyuta au ya viza. Angalia anwani ya barua pepe mpaka herufi ya mwisho baada ya alama ya @. Tafuta tangazo lenyewe kwenye tovuti rasmi ya kampuni, ukitumia kiungo ulichokiandika mwenyewe badala ya ulichotumiwa. Kama umeshatuma pesa kwa simu, piga mtandao wako wa simu mara moja waizuie kabla haijatolewa, kisha ripoti polisi ukiwa na picha za mazungumzo na namba ya muamala.